Dada, Hakukuwa na Jiwe

Mpendwa dada,

Leo Jumamosi wamekuja watu sita. Sita, dada, kati ya kumi na sita uliotuachia. Tulisimama nyuma ya kanisa na machela yetu, mvua ikitunyeshea taratibu, kila mmoja akiangalia njia. Hatimaye akaja Lusekelo, jirani yetu yule uliyemfundisha kubebea bega la kushoto, amevaa viatu vyake vya kuendea sokoni Isongole. Hakuja kubeba. Alikuja kutuambia kwamba yeye na wenzake tisa wamekubaliana kuacha.

"Fundi, tumechoka kupanda na kushuka mlima na mtu asiyeumwa," alisema. "Wewe si una lile wazo lako la kigari? Tengeneza kingine. Kile cha kwanza kilikuwa kizuri sana, ni jiwe tu lilikiharibu."

Wote wakanigeukia. Nikasema nitafikiria, nikaondoka haraka, na sasa nimekaa kwenye benchi la karakana nakuandikia wewe ambaye tulikuzika miezi minne iliyopita. Sina mwingine wa kumwambia kwanza. Kijijini kuna wanawake watatu ambao siku zao zimekaribia, mvua ndiyo kwanza zimeanza, na gari bado haliwezi kupanda mpaka kwetu. Wakiacha mazoezi, mmoja wa hao watatu anaweza kutufia njiani. Na wanaacha kwa sababu ya jambo nililowaambia mimi.

Unakumbuka tulivyoanza, wewe na mimi, wiki ileile moja? Ilikuwa baada ya kumpoteza yule mama wa kitongoji cha juu, aliyefia njiani kwenye blanketi lililobebwa na wanaume wanaogombana nani ashike wapi. Msibani watu walilia. Mimi nilirudi nyumbani na mchoro kichwani. Wewe ulirudi na swali moja, ukalirudia mpaka nikachoka: "Kwa nini walisimama mara nyingi vile?"

Nilitengeneza kitu ambacho hakuna mtu katika milima hii aliyewahi kukiona. Kitanda cha mabomba, magurudumu mawili ya pikipiki, turubai la kuzuia mvua, mpini mbele na mpini nyuma. Nikakipaka rangi ya buluu, na ubavuni nikaandika jina la karakana kwa herufi nyeupe. Mgeni kutoka wilayani alipokuja kwenye mkutano alikipiga picha kila upande, akasema huu ndio ubunifu unaotakiwa. Nilipigiwa makofi mpaka nikaona aibu, ingawa aibu yenyewe ilikuwa tamu.

Wewe ulikuja na mianzi miwili na magunia yaliyoshonwa pamoja. Mgeni akakuuliza kwa heshima jipya hapo ni nini. "Hakuna jipya, mheshimiwa," ukamjibu. "Machela ni ya babu zetu. Na hii ya kupokezana mabega nimeiga kwa makuli wa Isongole, wanavyopeana magunia ya maharage bila kuyaweka chini." Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, dada. Nilicheka kwa sauti ili kila mtu ajue kwamba katika ukoo wetu mwenye akili ni mimi.

Halafu ukaanza Jumamosi zako. Ulilala mwenyewe kwenye machela, beseni la maji juu ya tumbo, ukawaambia wakushushe mpaka mtoni na kukupandisha. Maji yakimwagika, wanarudi mwanzo. Uliwapanga kwa urefu, wafupi na wafupi, warefu na warefu. Ulijua nani ana bega bovu, nani anaguna akichoka, nani hapaswi kutembea mbele ya nani. Ukipiga kelele "Zamu!" mtu mpya alitoka nyuma, akaingiza bega chini ya mwanzi kabla yule aliyechoka hajatoa lake. Uliwakataza kwenda mnadani wote siku moja. Blanketi ulilifua kila Ijumaa hata kama halikutumika.

"Dada, tangu lini kubeba mtu kukawa na mazoezi?" nilikuuliza nikipita na baiskeli.

"Tangu wabebaji walipoanza kugombana," ukasema. "Wewe nenda kachomelee vyuma vyako."

Laiti ningekwenda kweli kuvichomelea.

Uchungu wa Atupele, mke wangu, ulianza wiki tatu kabla ya siku zake, asubuhi ya saa nne, mvua ya mwezi wa tatu imenyesha usiku kucha. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na muuguzi wa zahanati alishatuonya kwamba safari hii uchungu ukianza tusingoje hata dakika. Gari lilipigiwa simu likaja kusubiri barabarani, chini kabisa, mwendo wa saa mbili kwa mguu. Ulifika na watu wako kumi kabla sijamaliza kutandika godoro kwenye kigari. Ukakizunguka mara moja, ukakitazama kwa chini.

"Mdogo wangu, leo abebwe begani."

"Huyu ni mke wangu," nikakujibu mbele ya watu. "Na hiki nimekitengeneza mimi."

"Nipelekeni tu jamani, kwa chochote," Atupele akasema, ameuma upindo wa kanga.

Nilikuona unapima ugomvi na muda, ukachagua muda. "Sawa," ukasema. "Sisi tutakuja nyuma."

Nilichukia sana kule kuja kwenu nyuma. Nilisikia hatua zenu zikilingana, na sikusikia hata mtu mmoja akiongea. Tambarare ya kwanza kigari kilikwenda vizuri, nikageuka kukutazama kwa sababu nilitaka uone. Hukunitazama mimi, ulikuwa unatazama magurudumu. Tulipofika mteremko wa pili yakaanza kuzama kwenye tope. Tukavuta, tukasukuma, na kila tulipotikisa Atupele alipiga ukelele. Nilikuwa sijawahi kukijaribu kigari kile kwenye tope, dada. Nilikijaribu uwanja wa mpira, wakati wa kiangazi, kikiwa kitupu.

Kisha chuma kikalia mara moja tu. Ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu, iliachia, kitanda kikalala upande, na Atupele akateleza mpaka kwenye tope kabla sijamkinga kwa magoti. Akaacha kulia. Uso wake ukabadilika rangi, na ule ukimya wake uliniogopesha kuliko kelele zote za nyuma. Mimi je, nilifanya nini? Nilishika gurudumu. Mke wangu yuko chini, na mimi nimeshika gurudumu nalitazama.

"Toka hapo," ukasema, bila ukali.

Wanne wakaingia. Hakuna aliyeuliza ashike wapi. Ulimtoa blanketi lenye tope, ukachomoa jingine kavu kwenye mfuko wa nailoni, ukamfunika. "Moja, mbili, juu." Nikataka kuingiza bega langu, ukanizuia kwa mkono. "Hapana. Hujui hatua zetu. Wewe mshike mkono, umwongeleshe asilale."

Wewe na mimi tunajua desturi ya kwetu: machela ikipita, yeyote mnayekutana naye njiani hutoa bega, na asiyetoa atasemwa mpaka wajukuu zake waone aibu. Tulipokutana na mwenyekiti wa kijiji alivua koti, akakunja mikono ya shati, tayari. Nawe, mbele ya watu, ukamwambia, "Mwenyekiti, shikamoo, tafadhali tubebee kanga." Mtu mzima yule akabeba kanga mpaka barabarani. Siku nyingine ningecheka. Siku ile nilikuwa nahesabu pumzi za mke wangu na kusikiliza sauti yako. Zamu. Zamu. Kwenye mbao za kuvukia mto nilifumba macho, na nilipofumbua mlikuwa mmeshavuka. Hamkusimama hata mara moja, mpaka mlango wa gari.

Atupele alipasuliwa mchana uleule na mtoto akatoka mzima. Binti huyo ndiye aliyekuwa akikusumbua na maswali mpaka mwezi wako wa mwisho. Kila nikimwangalia akila nashukuru na naona haya, vyote pamoja.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Watu walipouliza kigari kimekuwaje, nilisema kiligonga jiwe. Nilisema mara ya kwanza kwa sababu niliogopa, mara ya pili kwa sababu nilishasema mara ya kwanza. Kwenye ibada ya shukrani nilisema tena, nikaongeza kwamba bila jiwe lile kigari kingefika. Watu wakaitikia amina. Ulikuwa umekaa benchi la mbele.

Hakukuwa na jiwe, dada. Ekseli nilikuwa nimeishikiza kwa vidoa viwili tu vya moto, kusudi nimalizie kuchomelea kesho yake. Jioni hiyo zikaja habari kwamba mgeni wa wilaya anafika asubuhi. Muda ulitosha kazi moja, kuchomelea au kupaka rangi, nami nikapaka rangi. Baada ya makofi yale sikurudi tena kule chini, maana rangi ilifunika na hakuna aliyeona. Sifa zilifika kabla kazi haijaisha, nikadhani imeisha.

Nawe ulijua. Wiki ile ile uliniletea ekseli hapa karakana, umeifuta tope, ukaiweka mezani ile ncha iliyoachia ikinitazama. Mtu yeyote anayejua moto angeona kwamba chuma hakikuwahi kuungana. Nilingoja unitukane. Ukaniuliza kama nimekula. Ukakaa kidogo, ukaenda zako, na kwa miaka sita iliyofuata hukulisema kwangu wala kwa mtu. Ulinipa nafasi niseme mwenyewe, mimi nikaitumia nafasi hiyo kunyamaza mpaka tukakufukia.

Ninakasirika leo, na sijui nimkasirikie nani. Namkasirikia Lusekelo, lakini yeye anaamini nilichomwambia. Wanakipenda kigari kwa sababu kilikuwa kipya na kina picha, na kwa sababu wazo halina Jumamosi. Halimwamshi mtu kwenda kulowana na beseni. Wazo langu lilikuwa zuri, hilo sitalikana, pengine siku moja fundi mwenye subira atalifanya likafaa mlimani huku. Mimi nililibuni nikaliacha njiani. Wewe hukubuni kitu chochote, uliokota ya babu na ya makuli, ukayafanya mpaka yakakamilika, na ndiyo maana mke wangu yupo. Ningekuambia haya ungali hai ungenijibu kwa utani. Ningeutoa mkono mmoja nipate utani huo.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo Atupele akaingia na kikombe cha chai. Akaniuliza mazoezi yamekwendaje, mbona nimerudi mapema. Nilitaka kuficha karatasi, dada, mkono wangu ulishaanza kuifunika. Kisha nikampa.

Alisoma amesimama. Mvua ilikuwa inapiga mabati, sikuweza kusikia kama anapumua. Alipofika mwisho alirudi nyuma kwenye ukurasa, akatafuta mstari fulani kwa kidole.

"Ulipaka rangi kwanza?" akauliza.

"Ndiyo."

"Ukanilaza juu yake."

"Ndiyo, mama."

Akaweka kikombe chini. Akaniambia kwamba pale mteremko wa pili, kando ya njia, kuna jiwe, na kila wakipita na mtoto huwa anamwonyesha. Humwambia, jiwe hili ndilo lililotaka kukuua, baba yako alihangaika sana. Miaka sita. Mimi sikuwa najua, dada. Hakulia wala hakunigombeza, na heri angenigombeza.

"Jumamosi ijayo utaisoma hii mbele ya watu wote," alisema. "Na mtoto nitakuja naye, asikie kwako."

Nikamwambia labda watu wasije. Akanitazama kama mtu anayetazama kuni mbichi. Akajifunga kanga kiunoni, akatoka kwenye mvua hiyohiyo bila kuniambia anakwenda wapi wala atarudi lini. Sasa hivi namsikia kwa jirani. Anamwita Lusekelo atoke nje, na anamwita kwa sauti ambayo haijasikika kijijini hapa tangu uondoke. Mlango umefunguliwa. Amekwenda wa pili.

Pumzika, dada. Msamaha sikuombi leo, nitauomba nikishasoma. Ngoja nivae mabuti nimfuate mke wangu, wamebaki wanane wa kuwaita na mlima ni mrefu.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi