Mkorosho wa Mlangoni

Visiga, Kibaha

Shangazi Dina,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mke wangu Aneth ameacha kukohoa, na kuku wameanza kutaga.

Ipyana wa bodaboda ametufikishia mihogo yako. Aneth aliichemsha, ila mimi sikula. Ipyana kasema jumuiya yenu pale kijijini Masaki bado inaiombea meli iliyobeba gari langu kutoka Japani. Kasema pia Jumamosi utaukata mkorosho wa mlangoni, ili nikija kukutembeza gari lipate pa kugeukia. Korosho za mti ule ndizo zilizoninunulia sare za shule.

Usiukate, shangazi. Gari hili linageuka hata penye uwanja mdogo kuliko wako. Najua, kwa sababu naligeuza hapa kwangu kila asubuhi tangu Pasaka.

Meli ilifika salama. Niliogopa utaniomba nikubebee mkaa wako mpaka sokoni, viti vichafuke. Nikaona heri uendelee kuamini gari liko baharini.

Wanajumuiya utawaambia unavyoona. Jumamosi asubuhi nakuja. Shoka liache ndani, magunia ya mkaa yatoe nje.

Mwanao,
Castory