Chumvi ya Serufa

Kimaka, Jinja
9 Mei 2025

Mpendwa dada yangu Selpher,

Salamu nyingi kutoka Kimaka hadi huko Mwanza. Hujambo? Shemeji hajambo? Norman na Phiona wanaendeleaje na masomo? Na lile goti lako la kushoto, limepoa au bado linakutabiria baridi? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mke wangu Gorreti ameanza kufuga kuku, na mimi presha yangu imeshuka tangu nilipoacha kubishana na redio.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, ili watoto wako waweze kusoma nawe, maana Lumasaba chao, lugha yetu ya nyumbani, kinaishia kwenye salamu ya mulembe. Nami baada ya miaka thelathini ya uaskari magerezani, Kiswahili changu ni cha gwaride. Ukikuta sentensi inakuamrisha, nisamehe.

Mwezi uliopita nilipita Namatala, kule Mbale. Ile nyumba tuliyopanga imepakwa rangi ya waridi, na pale ulipokuwa ukianika mihogo sasa pana saluni. Nilisimama nikaangalia mpaka mwenye saluni akaniuliza kama nataka kunyolewa. Nilimwonyesha upara wangu, tukacheka wote wawili.

Habari kubwa ni ya Khainza. Tangu Januari binti yetu ni mkurugenzi mtendaji wa kampuni ile ile aliyoingia kama fundi wa kukaza nati. Amepewa ofisi yenye zulia, naye anavua viatu mlangoni kama anaingia msikitini. Hataza zake sasa ni tatu, yaani zile hati za serikali zinazosema ubunifu huu ni wa fulani na asiuguse mwingine bila ruhusa. Nina furaha naye mpaka Gorreti amenikataza kumtaja kanisani.

Sasa dada, nije kwenye jambo lililonikalisha mezani.

Najua kwa nini hupokei simu zetu. Miaka mitatu iliyopita gazeti liliandika kwamba Khainza peke yake ndiye aliyebuni kifuniko cha vichanja kinachojifunga chenyewe mvua ikinyesha. Ulinitumia ujumbe wa maneno matano: "Mpe hongera, na chumvi yangu." Tangu siku hiyo, kimya.

Ulikuwa na haki. Ni nani asiyekumbuka kichanja chako cha Namatala? Turubai limekunjwa upande mmoja, jiwe linaning'inia kwenye kamba, na kamba imezuiwa na bonge la chumvi ya Katwe. Matone yakianza, chumvi inayeyuka, kamba inaachia, jiwe linashuka na kuvuta turubai juu ya mihogo, nawe uko sokoni huna habari. Khainza alikuwa mtoto, akilalia tumbo pale chini kungoja jiwe lianguke. Alipokuja kuunda mashine yake, mafundi wa kampuni walimshauri atumie sukari guru, eti ni rahisi kuifinyanga. Sisimizi waliila jua likiwaka na mashine ikajifunga saa sita mchana. Ndipo akarudi kwenye chumvi yako.

Lakini kuna jambo hulijui, na kosa ni langu.

Khainza alikuandika. Fomu ya kwanza kabisa ya hataza ilikuwa na wabunifu wawili. Alinipigia akiwa kwa wakili Kampala, akaniomba nimtumie jina lako kamili, maana yeye maisha yake yote amekuita Senge tu, yaani shangazi. Nikamtumia kama ulimi wetu unavyosema: Serufa Nambozo. Wewe mwenyewe umetugombeza miaka mingi kwamba huitwi Serufa, nasi tukaendelea tu. Baadaye Gorreti akampa wakili ile nakala ya pasipoti uliyoiacha kwetu wakati wa mazishi ya mama. Fomu inasema Serufa, pasipoti inasema Selpher. Wakili akasema hawa ni watu wawili, na siku za kupeleka fomu zimebaki mbili. Akashauri Khainza apeleke jina lake peke yake kwanza, wewe utie sahihi kiapo kwamba majina yote mawili ni yako, kisha uongezwe.

Kazi ya kukueleza nilipewa mimi. Sikupiga simu. Niliona aibu, dada. Mimi niliyeandika majina ya wafungwa kwenye rejista miaka thelathini nikijisifu sijawahi kukosea hata moja, nimeshindwa jina la dada yangu wa tumbo moja. Nikamwambia Khainza nimepiga na hupatikani. Gazeti likatoka, ukaacha kupokea simu kweli, na uongo wangu ukapata pa kujificha. Yeye akadhani umekataa, wewe ukadhani amekuibia.

Wiki tatu zilizopita alikuja hapa jioni. Wakulima wa kahawa wa Mbale wanataka kutengeneza kifuniko kile kwa kibali cha kampuni, na bodi inamtaka asaini upesi. Aliniambia hasaini mpaka aende Mwanza akupigie magoti, akuulize umemchukia kwa lipi. Hapo sikuweza tena. Nilimwambia yote. Akakisukuma kando kikombe cha chai.

"Baba," akasema, "miaka mitatu Senge anaona mimi mwizi."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Kesho yake alikwenda mbele ya bodi. Mwenyekiti alimwambia hati ile imeshapita, tena ni jina moja tu la mwanamke aliye nchi nyingine. Yeye akawajibu, "Chumvi ni ya Senge. Mimi nilitafuta kamba tu." Akawaambia kama haiwezekani kurekebisha, watafute mkurugenzi mwingine wa kusaini. Nilipoyasikia hayo nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku. Bodi imekubali kungoja hadi mwisho wa mwezi huu.

Fomu ya marekebisho imo ndani ya bahasha hii. Anayekuletea ni Shafik, mfanyabiashara wa vitenge wa hapa Jinja. Atakaa Mwanza hadi Jumatatu, kisha anarudi. Jina lako limepigwa chapa kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Safari hii mimi sikuruhusiwa hata kugusa kalamu. Khainza amesema jina lako litangulie, lake lifuate. Kama moyo wako bado haujatulia, usitie sahihi kwa ajili yangu. Mtilie sahihi mtoto, mimi uniache nikingoja.

Jambo moja la mwisho. Jumatano nilikwenda Wanyange, ambako wanawake wanaanika mukene, hao mnaoita dagaa huko kwenu. Wengi sasa wana mashine za Khainza. Wingu likaja kutoka ziwani, nikawaona mama mmoja aitwaye Nakato na wenzake wamekaa tu wanasuka mikeka. Nikawaambia wakimbie, samaki wataloa. Nakato hata hakuinuka.

"Wacha inyeshe, afande," akasema. "Serufa anafunga."

Nikamwuliza Serufa ni nani. Akanionyesha ubavu wa mashine, na hapo jina limeandikwa kwa rangi nyekundu, na r yake. Khainza alianza kuliandika hivyo mwaka ule ule wa gazeti, wala hakumwambia mtu. Mvua ikanyesha, Serufa akafunga, na mimi peke yangu ndiye niliyeloa.

Msalimie shemeji, na Norman, na Phiona. Gorreti anakusalimu. Khainza anakuamkia kwa magoti yote mawili. Mungu alifunike paa lako kabla tone la kwanza halijaanguka.

Kaka yako akupendaye, anayekuita vibaya tangu utotoni,

Yekosofati Wanyama