Vitamini za Julieth

Jumapili, 27 Aprili 2025

Harusi imepita. Miguu inauma, sauti imekauka. Naandika kabla raha haijapoa.

Julieth aling'aa! Alipoingia ukumbini nilitaka kusimama juu ya kiti niwaulize: mnaona? Mwaka jana mwezi wa tisa Tekla, mama yake bwana harusi Vedasto, alimtazama huyu mtoto toka juu mpaka chini akauliza kama kwangu huwa tunakula. Mbele ya wageni! Nikatabasamu. Kesho yake nikafungua kopo la vidonge kwenye duka langu la dawa.

Miezi saba. Kidonge asubuhi, kidonge jioni. Nilimwambia ni vitamini. Mashavu yakajaa, nyonga zikatoka, fundi akapanua gauni mara mbili. Jana Tekla mwenyewe kanishika mkono. "Dada Asnath, umelea." Nimelea, ndiyo. Tangu baba yake, kaka yangu Nikolaus, afe, mtoto ana miaka sita.

Wanawake wanne wameniuliza siri. Nimewaambia uji wa lishe. Waje dukani wiki ijayo, nitajua wa kumpa na wa kumnyima.

Ameondoka na mumewe leo, wamekwenda Ipole, kijijini kwa kina Vedasto. Nimemfungia vidonge vya mwezi mmoja kwenye bahasha. Mume asivione, nimemwambia, wanaume hawapendi kujua shepu imetoka wapi. Kacheka. "Sawa, shangazi."

Nyumba kimya.

Alhamisi, 5 Juni 2025

Wamekuja na pikipiki. Vedasto ameanza kurina – ndoo tatu za asali. Moja kwa mama yake. Moja kwa paroko. Moja sokoni. Mimi? Kichupa cha soda. Kichupa! Miaka kumi na sita nimemlisha Julieth, nimemvika, nimemsugua miguu akitoka shule – kichupa cha soda, tena kifuniko kinavuja.

Nimepokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu."

Kisha kanifuata nyuma ya kaunta, mume yuko nje. Zile vitamini zimekwisha wiki iliyopita. Na tangu ziishe hana nguvu, akisimama anaona giza. Je, zipo?

Nikasema hazipo. Kiwanda kimeacha kuzitengeneza.

Kopo lilikuwa karibu na goti langu, limejaa mpaka shingoni. Akamwombe mama mkwe.

Jumatano, 18 Juni 2025

Tekla kapiga simu. Salamu kidogo, malalamiko mengi. Julieth analala mpaka saa nne. Akiamka anashika ukuta. Anatapika chai. Wamempima mimba, hana. Wenzake wanachambua tumbaku, yeye kajilaza juu ya magunia. "Huko kwenu mlikuwa mnamwekea mtumishi?"

Nikasema pole, atazoea. Nimekata simu, nikacheka peke yangu mpaka mteja akauliza kuna nini.

Ninajua kuna nini. Nilisoma uuguzi mwaka mmoja, sikumaliza, ila darasani sikulala. Mwalimu alichora figo mbili ubaoni, na juu ya kila figo kitezi, kama kofia. Vitezi hivyo hutoa homoni – kotisoli – inayomsimamisha mtu na kumsaidia kupambana na ugonjwa. Ukimpa mtu dawa ya jamii hiyo kila siku, kama vile vidonge vyangu, vitezi vinalala. Ukimkatia ghafla, vinabaki vimelala. Ndiyo maana hupunguzwa kidogo kidogo, wiki kwa wiki.

Sikumwambia. Basi vitaamka vyenyewe. Vya wengi huamka.

Nimejisikia vizuri siku nzima. Kwa nini nidanganye humu?

Jumatatu, 23 Juni 2025

Nimekwenda Ipole. Vidonge nilivibeba kwenye mkoba. Nilijiambia, nitaangalia watakavyonipokea.

Julieth kaja kunipokea mkoba, hakuweza kuubeba hadi mlangoni. Shingo imebaki mifupa. Mashavu yangu yote – kazi ya miezi saba! – yamekwisha. "Shikamoo shangazi," kwa sauti ya mgonjwa. Marahaba.

Tulikaa bandani, kwenye tumbaku. Kazi ni kupanga majani kwa rangi, mtoto wa darasa la tatu anaweza. Kapanga matano, mkono ukaanguka mapajani. Tekla akasema kwa Kinyamwezi, akimwangalia yeye: huyu kazi yake ni kula tu, na siku hizi hata hiyo imemshinda. Wanawake wakacheka.

Na mimi nikacheka. Julieth akaniangalia. Hakulia. Aliniangalia tu.

Akanisindikiza mpaka njia panda, akipumzika mara tatu. Hapo ndipo alipopiga magoti, kwenye vumbi. "Shangazi, nimekukosea nini? Kama kuna kitu niambie. Na zile vitamini, hata chache."

Bahasha ilikuwa mkobani. Nilikuwa nimeshafungua zipu. Kisha nikawaza: kwa nini aniombe huku barabarani, hakuna anayeona? Aniombe kule bandani, mbele ya mama mkwe wake. Nimemwambia nitatuma wiki ijayo.

Nilipogeuka kwenye pikipiki alikuwa bado chini. Labda hakuweza kuinuka. Sikumwambia dereva asimame.

Jumamosi, 28 Juni 2025

Wamemleta hospitali hapa mjini. Vedasto kanipigia saa mbili asubuhi, analia kama mtoto. Malaria. Homa tangu Alhamisi.

Malaria peke yake haimfanyi mtu hivyo. Nimemwona. Midomo myeupe, mikono baridi, anaongea maneno yasiyoshikana. Dripu mbili zimeingia, presha haipandi. Sukari iko chini. Wanampa dawa ya malaria, wanasubiri.

Daktari ni kijana, anaitwa Ngassa. Akatuuliza sote pale kitandani: kuna dawa nyingine amekuwa akitumia? Yoyote, hata ya dukani?

Vedasto kasema hakuna. Tekla kasema hakuna.

Nikafungua mdomo niseme. Nilikuwa nakwenda kusema, naapa. Nikaona duka limefungwa na kufuli la serikali. Nikaona wale wanawake wanne wa harusini. Kikatoka kitu kingine: "Labda kule Ipole alipewa miti shamba."

Mungu wangu, jinsi Vedasto alivyogeuka kumtazama mama yake!

Tekla akaapa kwa Bikira Maria. Mwanawe akamwambia atoke nje. Mama mtu mzima, katoka wodini na khanga mdomoni, wagonjwa wote wanatazama. Septemba ile mimi ndiye niliyetazamwa.

Ni vibaya kwamba nilifurahi? Nilifurahi. Mpaka nilipofika nyumbani na kuvua viatu. Hapo ikaisha.

Jumapili, 29 Juni 2025

Kanisani sikwenda. Nimepika uji.

Nimesaga vidonge sita kwa chupa, nikachanganya, nikatia sukari nyingi. Akinywa presha itapanda, watasema malaria imesikia dawa, na hakuna atakayeuliza kitu. Baadaye nitamwachisha taratibu, kwa utaratibu wake. Nilipanga hivyo, na nilijiona mwerevu.

Nikamnyanyua kichwa. Chepesi! Nikamlisha kijiko baada ya kijiko, nikimwita majina ya utotoni. Vikombe viwili. Vedasto akasema, "Shangazi, bila wewe sijui ningefanya nini."

Haikupita robo saa. Katapika vyote. Kwenye shuka, kwenye mikono yangu, chini. Nesi akafoka: nani kamlisha mgonjwa aliyekatazwa chakula? Nikamwelekezea Tekla macho. Maskini alikuwa mlangoni tu, hajaruhusiwa hata kuingia. Nesi akamfukuza mpaka getini.

Nilifuta sakafu mwenyewe. Nilifuta vizuri sana.

Angeweza kuchomwa sindano. Haidrokotisoni, ndiyo hiyo hiyo kotisoli, mshipani, hospitali yoyote inayo. Akipata ataweza kuketi leo hii hii. Lakini daktari hachomi asilolijua, na anayelijua ni mimi.

Kesho nitasema. Asubuhi na mapema nitamwita Ngassa pembeni.

Jumatatu, 30 Juni 2025

Nimewahi kufika. Sikumwita pembeni. Yeye ndiye aliyeniita.

Akaniambia wameshangaa. Vimelea vya malaria vinapungua, lakini presha inazidi kushuka. Wamefikiria moyo, wamefikiria sumu. "Dada, wewe ni mtu wa dawa, na umemlea. Unaonaje? Kuna kitu tunakiruka?" Kaniuliza kwa heshima. Kalamu mkononi, yuko tayari kuandika.

Nikasema, daktari, ninyi ndio mnaojua.

Akaandika hivyo hivyo, sijui nini. Akasema watajaribu kumpeleka Mwanza kama ataweza kusafiri. Hakusema kama ataweza.

Tukarudi kitandani. Julieth alikuwa amefumbua macho. Yalizunguka, yakafika kwangu, yakasimama. Midomo ikasogea. Vedasto akainama, hakusikia. Daktari akainama, hakusikia. Sauti ilikuwa pumzi tu. Nikainama mimi.

"Shangazi. Waambie zile vitamini."

Alikuwa na akili zake zote. Si kulaumu. Alikuwa anaomba, kama anavyoomba chumvi mezani.

"Anasemaje?" Ngassa akauliza.

Nikainua kichwa. Wote wawili wananitazama. Tekla pia, kwenye dirisha la nje, uso kwenye nondo.

"Anaomba maji," nikasema.

Sasa nipo kwenye benchi ya korido, daftari mapajani. Mlango wa wodi uko wazi, hatua sita, nimezihesabu. Ngassa bado yumo, namsikia akimwambia nesi apime tena. Vedasto ametoka mbio kutafuta maji ya chupa, amerudi akihema, na kabla ya kuingia amesimama mbele yangu, kanishika bega.

"Ahsante, shangazi," kasema. "Wewe peke yako ndiye unayemwelewa."