Mkono Usivuke

Jumatatu, 3 Machi

Bandeji imetolewa leo. Nesi akasema kidonda kimepona vizuri. Vizuri! Mkono wa kulia wa binti yangu umeishia kwenye kifundo, na yeye anautazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. Nikatabasamu kama mjinga. Kisha nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi.

Jioni akaja msimamizi wa kiwanda cha mikate. Kwenye mashine ya kukandia unga, iliyomkata, hawezi kurudi tena. Ila ipo meza moja wazi ofisi ya oda, mtu anakaa anaingiza oda za maduka kwenye kompyuta. Wanaoitaka ni wengi. Mtihani wa kutaipu ni Jumatano ya wiki ijayo. Akishindwa, kiwanda kimemalizana naye. Aliyasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma.

Mwanangu akauliza, nitaipu kwa mkono upi?

Nikadakia — mimi nitakufundisha! Limenitoka tu.

Jumanne, 4 Machi

Sikupata usingizi. Nawaza taipu.

Shule yangu ni darasa la saba na mwaka mmoja wa chuo cha ufundi cha wasichana. Baba akafariki, nikarudi nyumbani. Mwaka ule cherehani ilinikataa, hesabu zikanikataa. Taipu ikanikubali. Zile mashine, nzito kama mawe! Mwalimu alitufunga kitambaa shingoni, kikafunika mikono na herufi zote, tusione kitu. Yeye anagonga rula mezani, ta, ta, ta, sote twende pamoja. Kila kidole na nyumba yake! Wa kushoto wakae kushoto, wa kulia wakae kulia. Mkono unaovuka ni mwizi, na mwizi huchapwa. Nilichapwa sana. Yakakaa.

Na yamenilisha. Kule kwenye dobi ya hoteli walipotupunguza, mimi walinibakiza, maana karani akiugua nakaa kwenye kompyuta yake, naandika mashuka yote bila kutazama chini. Wenzangu huniita Karani wa Sabuni. Waniite tu.

Sasa nimpe mwanangu hiki nilicho nacho. Sina kingine.

Shoga yangu wa fotokopi amekubali tutumie kompyuta yake kuukuu, jioni akishafunga duka.

Alhamisi, 6 Machi

Jana alidonoadonoa kama kuku, akachoka, akasema twende nyumbani. Leo vilevile. Kila mkono wake ukitaka kwenda upande wa kulia naugonga.

— Mama!

— Kila kidole na nyumba yake.

— Wangu wa kulia hawana nyumba, mama. Wala wenyewe hawapo.

Moyo ukanidondoka. Nikavuta kiti karibu, nikaweka mkono wangu wa kulia pale, kando ya wake wa kushoto. Nikamwambia, haya, hawa ni wapangaji wako wapya, kodi utawadai mwenyewe.

Akacheka! Mara ya kwanza tangu siku ile ya mashine.

Tukapiga. Upande wake yeye, upande wangu mimi. Tukaandika "mama" — M yangu, A yake, M yangu, A yake. Tukaandika "baba". Herufi zote ziko kushoto. Akasema, tazama, baba namwandika peke yangu. Nikamjibu, na yeye ndivyo alivyotuacha, peke yetu. Tukacheka mpaka shoga yangu akachungulia kuona kuna nini.

Ijumaa, 7 Machi

Kaka yangu kaja. Ati tunajisumbua bure, kidole kimoja hakivunji chawa. Binti akae nyumbani, apate mume mwenye huruma.

Mwanangu akamuuliza, mjomba, hao chawa ni wa kwako au wa kwangu?

Kaondoka hata chai hakumaliza. Nikamgombeza binti, mjomba hajibiwi hivyo! Kisha nikaingia jikoni nikacheka na sufuria.

Kicheko kilipokwisha ikaja hofu. Kama kaka anasema kweli? Mimi leo nipo, kesho sipo. Nani atamfungia vifungo?

Jioni tumepiga vizuri mno. Tunaruka. Kama mtu mmoja.

Jumapili, 9 Machi

Ee Mungu wangu, nimefanya nini!

Leo tulikuwa tunapiga, ta, ta, ta, mimi nahesabu kwa sauti kama mwalimu wangu. Shoga yangu kasimama mlangoni, funguo mkononi.

— Shoga, Jumatano wewe utakaa wapi?

— Nje. Nimsubiri.

— Na mkono wako huo utakuwa wapi?

Nikautazama mkono wangu.

— Unamkataza kuvuka. Ng'ambo ya pili atapigiwa na nani? Malaika?

Siku zote hizi! Simfundishi, ninampigia. Kila alipojaribu kwenda kule nilimgonga vidole. Mimi, mama yake.

Nikamtazama binti. Anatazama kibodi.

— Ulijua?

— Nilijua, mama. Ulikuwa umefurahi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefunga mkono wangu wa kulia na mtandio, nikajaribu kwa wa kushoto peke yake, nione njia nimwelekeze. Hauendi. Ukifika katikati unarudi wenyewe, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Jasho linanitoka. Nimezeeka na sheria ya watu.

Akanitoa kwenye kiti. Akaweka mkono wake katikati kabisa, si kushoto si kulia. Kidole gumba chini, vingine vinatapakaa huku na huku. Hovyo! Nikataka kusema. Nikajiuma ulimi. Aliponiona naumia kwa kila herufi akasema, mama, nenda kaongee na shoga yako.

Jumanne, 11 Machi

Polepole. Makosa tele. Hataki niguse.

Nimemfuata msimamizi kwa siri, nimeomba nikae naye kesho, mkono tu, sitasema neno. Akaniambia, mama, tukikuchukua wewe, yeye tumweke wapi?

Sijamwambia binti. Nimemnyooshea blauzi, nikaiunguza kola. Nimeanza na nyingine.

Jumatano, 12 Machi

Nimekaa kwenye kreti nje ya ofisi ya oda. Naandika huku nikisubiri.

Wameingia pamoja. Kupitia mlangoni nilisikia kama mvua juu ya bati, mikono ya watu wote. Wa kwangu sikuweza kumtambua ndani yake. Sasa wenzake wametoka wote. Mmoja amenipita akanitazama kwa huruma. Sitaki huruma yake! Mwanangu bado yuko ndani.

Sauti yake. Anabishana! Anasema, mashine yenu imekula mkono, halafu saa mnanipimia ya mikono miwili?

Msimamizi kasema muda ni muda.

Anasema, basi nipimeni makosa. Mkiona hata moja, nitoeni.

Mwanangu! Jana yalikuwa tele. Anasema nini huyu? Nimesimama, nimeshika kitasa. Ningeingia ningesema — mvumilieni, bado mgonjwa, ameumia, mimi ni mama yake.

Na yeye kutoka ndani, kama ananiona: mama yangu yuko hapo nje, tafadhali asiingie.

Nimerudi kukaa. Naandika ili nisifungue mlango.



Msimamizi kasema, haya, anza upya, lakini — lori la mikate likawasha injini uani, sikusikia lakini nini.

Injini ikishuka kidogo, namsikia anapiga vitufe. Kimoja. Kimoja. Lori haliondoki.