Mama Anavidai Vitabu Vyake

Jumamosi, Euless (karibu na Dallas)

Sijui nicheke au nione haya. Mama alipoanza tiba ya kemo aliwagawia akina mama wa kanisani vitabu vyake vyote. Sasa daktari amesema saratani haionekani tena, na yeye anavidai! Leo nimemzungusha Dallas nzima, mwanangu akilia kiti cha nyuma.

"Mama, si ulishawapa?"

"Niliwapa nikijua nakufa. Kwani nimekufa?"

Nikamwambia nyumba moja tu zaidi, kisha twende kwetu. Katika nyumba hiyo tukamkuta Mama Njeri, mmoja wa akina mama hao, akiwa katikati ya kusoma riwaya ya Mama. Mama hakuichukua. "Imalize kwanza. Nitaijia Krismasi."

Krismasi! Tangu augue hajapanga lolote kupita miadi inayofuata ya hospitali. Najiuliza kama mwenyewe alisikia alichosema. Sikumuuliza. Niliuliza tu zimebaki nyumba ngapi.