Picha Yako ya Mchana

Mpendwa Baba,

Kamera yako ninayo mimi. Mama alinikabidhi wiki ile tuliyokuzika, ikiwa bado ndani ya soksi yako ya kijivu ulimozoea kuihifadhi, na tangu hapo natembea nayo kila siku. Huku Kisii mjini ninapofanya kazi wananicheka. Wananiuliza kwa nini nahangaika na kitu cha zamani kinachokula betri kama redio, na simu yangu inapiga picha safi kuliko hiyo. Nawaambia simu yangu ina mambo mengi. Hii yako haipigiwi, haiingiwi na ujumbe, haina habari za mtu. Ukiiwasha inatoa lenzi yake polepole huku ikilalamika, na kufikia hapo mtu ameshapata nafasi ya kunyoosha kola. Mama mmoja anayeniuzia ndizi sokoni hunigeuzia mgongo nikimwelekezea simu, lakini akiiona kamera hufunga leso upya na kusimama wima. Nikimwonyesha picha kwenye kile kioo kidogo, hawezi kuikuza akague makunyanzi. Anajiona, anacheka, anarudi kwa ndizi zake.

Ila picha zako, Baba, zilijaa giza. Usinikasirikie. Wewe mzee wa kanisa uliamua kwamba kupiga picha ni kazi, na kazi haifanywi siku ya Sabato. Shida ni kwamba Sabato ndiyo siku pekee tulipokuwa safi. Siku nyingine kule nyumbani Ikonge ni gambuti za matope na majani chai. Kwa hiyo tulishinda na nguo nzuri mchana kutwa, tumekatazwa kuchafuka, tukingoja jua lizame. Ukishamaliza sala ya kufunga Sabato ulitoka mbio na kamera, unatuambia mwangaza unatutoroka, nasi nyuma yako hadi ukingo wa shamba la chai. Ndiyo maana katika picha zote za familia tuna macho mekundu kama sungura. Katika moja Mama hana miguu kabisa. Kisha tulirudi ndani, tukabanana kwenye kochi, wewe katikati, ukibonyeza kutoka picha hadi picha mpaka zile za zamani kabisa. Hiyo ndiyo saa niliyoipenda kuliko zote pale nyumbani.

Niliiharibu mwenyewe. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimekuja nyumbani, ni Sabato mchana baada ya chakula. Ulikaa barazani na Biblia mapajani. Kifaranga kilipanda juu ya kiatu chako cha kanisani, nawe ukawa unakicheka peke yako, jua lote usoni. Sijawahi kukuona ukiwa umependeza vile. Nikaenda nikachukua kamera, nikakupiga picha. Mlio wake ukakufanya uinue kichwa. Hukupaza sauti, na ni afadhali ungepaza.

"Moraa, ifute," ulisema.

Nikabonyezabonyeza, nikakuambia nimeifuta. Nilikudanganya machoni, siku ya Sabato, na jioni hiyo nikasema kichwa kinauma nisije kukaa kwenye kochi. Niliogopa utaifikia ile picha mimi nikiwa kando yako. Tangu hapo visingizio havikuniishia. Jumamosi nina kazi, Jumamosi nina wageni. Nilikuja Jumapili, nikanywa chai, nikaondoka. Uliponipigia simu kuuliza kama Sabato hii nitafika, nilisema nitajaribu. Miaka sita nilijaribu hivyo. Najua kanisani walisema nimepotea. Sikupotea, Baba, nilikuogopa.

Ulipotuacha tulihitaji picha yako ya programu ya mazishi. Tulizipitia zote, tukapata vivuli tu, kwa sababu mpiga picha daima ulikuwa wewe. Basi nikaitafuta ile, nikampa Mama kamera na kumweleza kila kitu, nikingoja anigombeze. Aliitazama, akafuta kioo kwa ncha ya leso.

"Hii tunaijua," akasema. "Baba yako aliiona wiki hiyo hiyo. Alikuwa akiniita niione, anacheka. Nikamwambia basi si aifute. Akakataa. Akasema, wacha, mtoto ataniambia mwenyewe."

Mara zote ulizokuwa ukinipigia simu, ulikuwa unanifungulia mlango, nami nikadhani unanichunguza. Naona uchungu ambao sijui niupeleke wapi. Tuliiweka picha hiyo kwenye programu, na wazee wenzako wakaisifu bila hata mmoja kuuliza ilipigwa siku gani. Mama amebaki na nakala yake chumbani. Mimi siku hizi nakwenda Ikonge kila Ijumaa jioni, nakaa naye mpaka Sabato ifungwe, kisha namtoa nje haraka nimpige picha, na zinatoka mbaya kama zako.

Lala, Baba, mpaka asubuhi ile uliyoiamini. Nimechelewa, lakini nakuambia mwenyewe: picha sikuifuta.

Bintiyo,
Moraa