Namba ya Kebaso

Kaptarakwet, kupitia Sotik
8 Februari 1971

Mwanangu Sellah,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili. Huku tuko wazima. Goti langu linauma asubuhi, ikifika mchana linasahau. Wewe je, chuo cha ualimu kinakulisha? Ulisema maharagwe yenu yana wadudu. Kula tu, wameshaiva pamoja nayo.

Usicheke mwandiko wangu. Mwalimu wetu wa gumbaru, darasa la watu wazima, anasema nimewapita wanaume wote darasani. Wako wanne, na wawili huja kulala.

Kituo chetu cha kupimia majani ya chai kimepakwa rangi ya kijani. Ulikuwa bwenini tulipokijenga mwaka wa sitini na sita, kwa hivyo acha nikuambie. Kila nyumba ilileta nguzo mbili. Wakipsigis walitoa mierezi, sisi Wakisii tulichimba mashimo na kukanyaga udongo, mama Wacera mwenye hoteli na Wakikuyu wenzake wa madukani wakaleta misumari na mabati. Kabla ya hapo Kaptarakwet ilikuwa njia panda tu, na kinu cha posho kilichoharibika. Sasa tuna soko Jumatano, tuna makanisa mawili yasiyosalimiana, na lori la majani linakuja kila siku ya kupima.

Karani Orina bado anaita "Kebaso!" na baba yako mwenye jina hilo yuko nyuma ya jiko, chini ya udongo, miaka mitatu sasa. Namba ya chai, ile ya kuuzia majani, iko kwa jina lake, na kamati inasema namba hukaa kwa mwanamume. Basi Kaptarakwet yote imeamua baba yako hajafa. Juma lililopita mtu wa ofisi ya chai ya Kericho alikuwa amesimama pale pale. Orina akaita. Chepkemboi jirani yetu akajibu, "Yuko, ameenda kuona ng'ombe." Wacera naye, "Nimemwacha hotelini kwangu, anakula mandazi." Nikaweka kikapu changu kwenye mizani bila kucheka, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu.

Baba yako mdogo, Arasa, alifika kutoka Kisii. Alizunguka shamba lote akitazama mistari ya chai kama mtu anayepima nguo dukani. Nilimpa uji. Kingine sikumpa.

Mama yako

---

Chuoni
27 Februari 1971

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na goti lako pia. Mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi inatutesa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na hasira. Mama, hii ni aibu. Baba alikuwa shemasi. Hakuwahi kusema uongo hata kwa mtoto, na nyinyi mnamfufua kila siku ya kupima ili apokee majani! Na wewe ndiye uliyepanda, wewe ndiye unayechuma. Kwa nini ujifiche nyuma ya marehemu?

Kwa hivyo nimechukua hatua. Nimeiandikia ofisi kwa Kiingereza kizuri, na mwalimu wangu Bwana Gichana amenisahihishia. Nimeeleza kwamba baba alifariki Januari 1968 na nikaomba namba iandikwe kwa jina lako. Nchi hii sasa ni yetu, mama, na mambo yana njia yake. Utaona, watajibu kabla mvua kubwa haijaanza.

Binti yako

---

Kaptarakwet
19 Aprili 1971

Sellah,

Salamu. Mwili ni mzima.

Ofisi wamejibu. Hawakujibu kwa barua, walijibu kwa Landrova. Mtu wao alishuka, akakichukua kitabu cha Orina, akalitafuta jina la baba yako na kulipiga mstari wa wino mwekundu mbele ya watu wote. Orina amepewa onyo, na ana watoto sita. Halafu kikapu changu kikashushwa kwenye mizani. Mtu yule akasema, "Majani ya maiti hayapimwi hapa." Nilibeba majani yangu mpaka nyumbani, nikayamwaga karibu na kaburi, nikakaa hapo nikalia kwa hasira. Sikulia kwa huzuni, ujue hivyo.

Siku tatu baadaye Arasa akatokea, amevaa suti, ana barua ya chifu wa kwao. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Kipyegon, akaniita. "Mama Sellah, mimi nasikia huruma, lakini namba haijakaa kwa mwanamke hata siku moja. Huyu ni ndugu ya marehemu. Yeye ataandikwa, wewe utachuma. Kuna shida gani?"

Kuna shida gani! Unakumbuka matanga yetu? Kabla udongo haujakauka Arasa alitaka kunirithi pamoja na ng'ombe, nikamwambia mbele ya wazee kwamba mimi si jembe. Leo arudi kupitia mlango wa chai, nichume na jina liwe lake?

Na wewe, umesoma, lakini hukuuliza. Ungeniuliza ningekuambia kwamba uongo ule haukuwa wangu peke yangu. Ulikuwa wa mji mzima, kila mtu ameushika mahali pake, na hakuna aliyeuchoka. Wewe umeuvunja kwa barua moja, na hata jembe hukushika.

Chai imeanza kunishinda urefu. Sitachuma kwa namba ya Arasa. Iote mpaka ifike mbinguni.

Mama yako

---

Chuoni
2 Mei 1971

Mama yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Nimekaa na barua yako juma zima bila kujibu, si kwa dharau, ni kwa aibu. Nisamehe. Nilidhani ukweli ukiandikwa vizuri unajitembeza wenyewe. Mpe Orina pole zangu, na kama hataki kuzisikia, ana haki.

Nimefikiri sana. Mwaka ujao nitapewa shule ya kufundisha na nyumba ya mwalimu, hata kama ni chumba kimoja. Njoo ukae na mimi. Mwache baba mdogo achukue namba na shamba, apambane na mvua na karani. Umechoka, mama. Umri wako si wa kugombana na kamati. Acha tu.

Binti yako anayekupenda

---

Kaptarakwet
30 Mei 1971

Sellah mwanangu,

Nakusalimu, na safari hii kwa moyo mweupe. Goti limepona, nadhani lilikuwa linangoja vita.

Neno lako la "nisamehe" nimelipokea, limeisha. Neno la "acha tu" nimelikata kwa mkasi, liko ndani ya bahasha hii. Lirudishe mahali ulipolitoa.

Umesahau? Tulipopanda mwaka wa sitini na tatu wewe ndiye uliyeshika kamba ya kunyoosha mistari. Baba yako alikuwa bado kibarua kwenye shamba la Wazungu, anakuja nyumbani Jumamosi. Miche ile elfu mbili niliichimbia mimi. Kiangazi kikaingia, nikainywesha mmoja mmoja kwa maji ya kichwani kutoka mtoni, na hata hivyo mia tatu ikafa, nikairudishia. Sitaondoka hapa niende kukaa chumba kimoja na kukusahihishia madaftari.

Sasa sikia habari. Jumatatu ya tarehe kumi Chepkemboi alikuja jikoni kwangu asubuhi. "Chuma kidogo, lete kikapu." Nikamwambia hakitapimwa. Akasema, "Mimi nimesema lete."

Tulifika kituoni, Arasa amesimama kando ya mizani na suti yake. Orina akaita jina la kwanza, mume wa Chepkemboi. Chepkemboi hakukipandisha kikapu. Alikiweka chini, akakaa kando yake, akanyoosha miguu. "Mimi nangoja mama Sellah apimiwe kwanza," akasema. Orina akaita la pili. Wacera naye akakaa, na unajua ana vichaka vyake vichache tu nyuma ya duka, lakini alikaa kama mwenye shamba zima la Wazungu. Mmoja mmoja, mpaka wanawake kumi na saba. Hata mke wa Mwenyekiti Kipyegon alikaa, na alichagua mahali pa mbele, ili mumewe asipate taabu ya kumtafuta.

Wanaume walipiga kelele. Wewe unajua majani yalivyo, yakilala kwenye kikapu yanapata joto. Ilipofika saa nane ukitia mkono ndani ni moto kama tumbo la mbuzi. Kila mmoja alikuwa anayaona ya kwake yakiiva bure, na mimi nilitaka kuinuka niwaambie basi, imetosha, msiharibikiwe kwa ajili yangu. Nikajaribu kusimama. Wacera akanivuta leso. "Kaa chini, wewe! Unafikiri ni yako peke yako? Mume wangu Thuo naye anakohoa tangu Krismasi, na namba ni yake." Nikakaa. Lori likaja, dereva akangoja, akaondoka tupu. Majani yote yaligeuka mekundu.

Siku ya pili ya kupima hivyo hivyo. Siku ya tatu kiwandani wakauliza Kaptarakwet kuna ugonjwa gani, na Landrova ikaja.

Afisa huyu hakuwa yule wa kwanza. Alisikiliza, akazungumza na kamati kando, akarudi na fomu. Akasema namba itaandikwa kwa jina lako, Sellah, kwa kuwa umesoma, huna mume, na ofisi inakujua kwa barua. Mimi nichume chini yako. Usipotia sahihi kufikia tarehe thelathini Juni, itakuwa ya Arasa na hakuna rufaa. Wanaume wakapiga makofi, wakaona wametoa zawadi kubwa.

Fomu ni hii. Sikuambii uandike nini. Ukiweka jina lako nitachuma, wewe ni damu yangu, na hakuna atakayeniona nikinuna. Lakini kwa kuwa unaupenda ukweli nitakupa mmoja: itaniuma. Itaniuma mpaka siku ya kufa.

Mama yako

---

Chuoni
14 Juni 1971

Mama,

Nakusalimu wewe, na Chepkemboi, na Wacera, na wote waliokaa chini, kila mmoja kwa jina lake. Mwambie Wacera ampeleke Thuo hospitali.

Fomu nimeirudisha. Utaona mahali walipopiga chapa jina langu nimelikata kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika juu yake lako, PHELIS KWAMBOKA. Chini kuna nafasi ya sahihi. Weka yako, kwa mkono wako, usiweke kidole gumba. Umesoma.

Bwana Gichana aliniona nikiandika. "Sellah, hiyo ni hati ya ofisi, unaiharibu! Wataona ni dharau, watampa huyo ndugu." Nikamwambia huenda watampa. Naogopa, mama, sitakuficha. Nikikosea mara hii nitakuwa nimekupotezea shamba mara mbili. Ndiyo maana sijaituma ofisini, nimeituma kwako. Safari hii nauliza kwanza. Ukiona nimekosea, bado kuna siku kumi na sita, niandikie nami nitasafiri Kericho niombe fomu nyingine na kutia sahihi kama ninavyotakiwa.

Ukiona sijakosea, ipeleke. Wakiikataa, niambie siku ya kupima. Nitakuja na kikapu nikae nanyi, na mtihani wa kufundisha ungoje.

Binti yako

---

Kaptarakwet
9 Agosti 1971

Mwanangu Sellah,

Salamu nyingi kutoka kwa kila mtu, pamoja na makanisa yote mawili. Thuo amelazwa, lakini anaendelea vizuri, jana alimgombeza muuguzi. Natumaini mtihani ulikwenda salama, kwa maana sikukuita. Nilitaka uwe mwalimu kwanza, halafu uje kukaa chini ukiwa na kazi.

Niliipeleka fomu mwenyewe mpaka Kericho. Waliirudisha, wakasema imechafuliwa. Tukakaa chini tena siku mbili, na mvua ikatunyeshea. Wakatuma nyingine, imepigwa chapa jina lako upya. Nikafanya kama ulivyofanya, mstari mmoja ulionyooka, na mwandiko wangu si mbaya sasa. Wakati huu wanawake wote kumi na saba wakatia majina yao chini yangu, wengine kwa kalamu, wengine kwa gumba. Juma lililopita afisa alikuja akaniandika kitabuni. Alisema ofisi haina nafasi ya kuendelea kubishana na Kaptarakwet.

Arasa amerudi Kisii. Hakuaga. Alimchukua dume wetu mdogo wa ng'ombe, akisema ni wa ukoo. Nilimpenda dume yule, lakini nilimfungulia lango mwenyewe ili Arasa asikawie.

Jana Mwenyekiti Kipyegon akapita nyumbani. Akakaa, akavua kofia, akazungumzia mvua. Mwisho akasema, "Mama Sellah, unajua desturi ya kituo. Mtu akipewa namba, anapikia kamati chai na kuku, anasema asante."

Nikamwambia, "Mzee, mimi sijapewa kitu. Nimeandikwa tu."

Kisha akauliza kama basi sitapika kabisa. Nikasema nitapika.

Leo nimechinja kuku watatu. Chepkemboi ameleta mursik, maziwa yao ya mgando ya kibuyuni, Wacera ameleta mikate, na wale kumi na saba wamekula uani kwangu mpaka wakalegeza leso. Kamati walipita barabarani polepole, wakafika kwenye kona, wakarudi wakapita tena. Tuliwaona wote. Hakuna aliyewaita.

Mama yako,
Phelis Kwamboka